Baluni za intaneti zilipita juu ya Kericho, faili ikakwama mezani

Kuna mwezi mmoja ambao sitachoka kuutaja: Julai 2020. Tarehe 7, kampuni ya Loon, ndugu wa Google, ilishirikiana na Telkom Kenya kuzindua intaneti ya 4G inayotoka kwa baluni. Sio utani. Baluni karibu 35, zikielea kama kilomita 20 juu ya vichwa vyetu, juu kabisa kuliko ndege za abiria, zikibebwa na upepo na kumwaga mtandao kwa eneo la karibu kilomita mraba 50,000. Orodha ya maeneo ilikuwa na Iten, Eldoret, Baringo, Nakuru, Kakamega, Kisumu, Kisii, Narok na, wasee, Kericho na Bomet. Sisi! Watu wa majani chai. Biashara ya aina hiyo ilikuwa haijawahi kuonekana Afrika, na ikaanzia juu ya mashamba yetu.

Sasa shukeni nami kutoka huko juu hadi kwa meza ya nyumba ya kawaida, tuseme pale Litein. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Wa fomu 4 na darasa la 8 walirudi Oktoba, wengine wengi walikaa nyumbani mpaka Januari 2021. Mezani kuna kaka ako na laptopu kuukuu yenye karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Upande wa pili kuna dada mdogo ameshika simu ya mama. Anataka zile karatasi. Inafanyika nini? Kaka anatuma kwa WhatsApp. Faili inatoka Litein, inapitia seva za ng'ambo, inavuka bahari, inarudi Litein, ili isafiri sentimita 60. Bando ikiisha, safari imeisha. Dada anangoja.

Maoni yangu ni haya, na mko huru kunipinga: kwa hiyo meza, kilichokosekana hakikuwa intaneti. Kulikuwa na laptopu, kulikuwa na simu, na zote mbili zina Waifai ndani. Kilichokosekana ni ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, wa kumwonyesha mtu wa kawaida jinsi ya kuweka folda moja ambayo nyumba nzima inaweza kuisoma bila kununua hata MB moja. Na ukiangalia historia, huo ukurasa umekuwa ukikosekana kwa muda mrefu sana.

Historia ya kupeana faili huku kwetu sijaiona imeandikwa mahali, kwa hivyo wacha niiandike kidogo. Ndugu zetu wakubwa walianza na infraredi, simu mbili zimelaliana pua kwa pua juu ya kiti, na hakuna kupumua mpaka wimbo uishe kuingia. Ikaja Bluetooth. Ikaja memori kadi, unaichomoa kwa simu ya Kiprono unaichomeka kwa yako, ukiomba Mungu isiulize kama inaweza kufutwa. Halafu enzi ya duka la muvi, hii nimeiishi mwenyewe. Kijana mmoja na kompyuta ya mezani, spika mbili nje zikipiga ngoma za Kikale, na orodha ya muvi imebandikwa ukutani. Unapeleka flashi, unachagua, unalipa bob 20 kwa kila moja, unarudi nyumbani na muvi tano na virusi viwili.

Baadaye Xender na SHAREit zikachukua nchi. Hapa nataka mnisikize, kwa sababu ndipo kuna siri. Xender haikuwa inatumia intaneti. Simu moja ilikuwa inatengeneza Waifai yake yenyewe, nyingine inajiunga, faili inaruka. Yaani kila kijana wa fomu 2 alikuwa tayari anajenga mtandao wa ndani kila siku nyuma ya darasa, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo ndivyo unavyoitwa. Ndio maana mpaka leo ukisema "Waifai" mtu anasikia "bando". Na Kiswahili chenyewe kinatuchanganya, kwa sababu neno "mtandao" tunalitumia kwa vyote viwili: intaneti ya dunia nzima, na vifaa viwili vinavyoongea sebuleni.

Kitu kingine: katika hizo enzi zote, hakuna aliyesoma mwongozo. Maarifa yalipita kwa sentensi moja tu, "leta nikufanyie." Msee wa duka la muvi: leta nikufanyie. Binamu anayesoma Kabianga: leta nikufanyie. Unapeana simu, anabonyeza haraka haraka, anakurudishia. Umesaidika, lakini hujajua kitu. Akihama kwenda Nairobi, anahama na ujuzi wake.

Lakini ile njia ya kuweka folda moja kwenye kompyuta moja na wengine wote wakaisoma ni ya zamani kuliko mimi na wewe. Ilianzia kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi ya mhandisi Barry Feigenbaum, na ikaitwa SMB. Microsoft wakaichukua wakaijenga ndani ya mifumo yao. Mwisho wa mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Australia, Andrew Tridgell, akiwa chuo kikuu kule Canberra, alitaka kompyuta zake mbili za aina tofauti zisomeane faili. Hakuwa na mwongozo wowote. Alichofanya ni kukaa na kusikiliza mazungumzo ya kompyuta kwenye waya, kipande kwa kipande, mpaka akaelewa zinaambiana nini, kisha akaandika programu yake inayojibu vilevile. Akaitoa bure. Baadaye, kwa sababu ya jina la kibiashara la watu wengine, ilibidi abadilishe jina, akatafuta kwenye orodha ya maneno ya kompyuta neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo. Likatoka "Samba". Leo vile visanduku vingi vya kuhifadhia faili nyumbani vina Samba ndani yake.

Tridgell namheshimu sana. Lakini angalia miongozo iliyofuata. Miaka hiyo ya 90 watu wa Linux walijitolea kuandika kurasa nyingi za jinsi ya kufanya hiki na kile, na kazi yao ilikuwa kubwa na ya bure. Ila walikuwa na nyumba fulani kichwani. Nyumba yenye chumba cha kompyuta, waya ukutani, na msomaji aliyekaa peke yake na muda wa kutosha. Microsoft nao walikuwa na ofisi kichwani. Mwaka 1992 walitoa Windows for Workgroups, na mpaka leo, fungua laptopu yoyote ya Windows hapa Kericho uangalie, utakuta neno WORKGROUP limekaa pale kama kovu. Maana yake ni kikundi cha kazi. Ukimwambia mama yangu "kikundi cha kazi" atakuuliza mnachuma shamba gani.

Kisha kuna tatizo la miongozo kuzeeka. Mwaka 2009 Windows 7 ilikuja na kitu kinaitwa HomeGroup, na kusema ukweli kilikuwa rahisi: nywila moja, nyumba nzima imeungana. Blogu zikaandika, video zikatengenezwa. Mwaka 2018 Microsoft wakakitoa. Zile kurasa hazikutolewa, bado ziko, na hapa kwetu laptopu nyingi zilinunuliwa za mitumba kwa hivyo huwezi hata kubahatisha mtu ana Windows gani. Katikati ya hapo, Mei 2017, ikatokea WannaCry. Kirusi kilichofunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikasimama, na mlango kilichopitia ulikuwa ile SMB ya toleo la kwanza. Kuanzia hapo Windows mpya zikaanza kuja bila toleo hilo. Na hapa ndipo nakasirika kidogo. Nenda utafute leo kwa nini laptopu yako haionekani kwenye mtandao wa nyumbani. Bado utakuta ushauri wa kuwasha tena toleo la kwanza. Yaani mtu anakufundisha kufungua mlango ule ule mwizi alipitia, kwa nia njema, kwa sababu alinakili ukurasa wa 2015 na hakuandika tarehe.

Nirudi Kenya, kwa sababu hatujakosa vifaa. Mwaka 2015 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilitoa Kio Kit, sanduku gumu lenye tableti 40 na seva ndogo ndani, masomo yanasomwa bila intaneti. Hilo ni wazo la folda moja ya darasa zima, limetengenezwa na Wakenya. Mwaka 2016 serikali ikaanza kupeleka zile tableti za darasa la 1 kwa shule za umma, zaidi ya milioni moja mwishowe. Watu wengi wanakumbuka tableti tu. Lakini mzigo wa kila shule ulikuja pia na projekta, vifaa vya walimu, na kisanduku cha seva chenye ruta yake. Soma hiyo sentensi tena. Kila shule ya msingi ya umma, hata ile iliyozungukwa na majani chai pande zote nne, ilipangiwa seva ya faili ya ndani, haihitaji bando.

Kwa shule moja ninayoijua, ambayo sitaitaja, kisanduku hicho kilikaa kabatini pamoja na mipira ya netiboli. Mdogo wangu alisoma hapo. Walimu hawakuwa wavivu. Walipewa mafunzo ya siku chache, kisha aliyefundishwa akahamishwa, na aliyebaki akawa na kijitabu cha Kiingereza kinachoeleza kisanduku kina nini, badala ya kueleza ufanye nini asubuhi ya Jumatatu ukiwa na watoto 60. Kati ya kueleza kitu na kueleza kazi kuna bonde kubwa, na miongozo mingi imelala chini ya hilo bonde.

Tukija kwa lugha, wengi hawajui tulishajaribu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Uswidi ya IT+46, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Walikaa wakatafuta neno la kila kitufe. Microsoft nao wakatoa Windows XP kwa Kiswahili miaka hiyo hiyo. Sisi huku Kenya shuleni tulipewa tarakilishi, kipakatalishi, rununu na mdahalishi, tukaandika insha nazo, tukapata alama, na tukitoka nje ya darasa hakuna aliyesema "niazime kipakatalishi". Siwacheki walimu wa Kiswahili, wengine ni marafiki zangu. Nasema tu kwamba neno zuri bila ukurasa wa kulitumia linabaki kuwa swali la mtihani.

Neno lililonisumbua mimi zaidi ni dogo. Kwa Kiingereza kitufe kinasema "Share". Kwa Kiswahili tufanye nini? "Shiriki" ni kuwa sehemu ya jambo, kama kushiriki mbio. "Gawa" ni kukata, kila mtu abaki na kipande. Mwaka juzi nilipoanza kuandika mwongozo wangu nilimsomea mama, nikasema gawa folda. Akaniuliza: "Nikigawa, yangu inabaki?" Hilo swali ni la maana kuliko video zote nilizowahi kutazama. Mtu anaogopa kubonyeza kwa sababu anadhani picha za mazishi ya kogo zitaondoka kwa laptopu na kwenda kwa jirani. Kwa hivyo sentensi ya kwanza kabisa ya mwongozo, kabla ya hatua yoyote, inasema: faili zako hazihami, watu wa nyumba wanakuja tu kuzisoma pale zilipo.

Nani alishawahi kuandika vizuri kwa watu wetu? Jibu langu litawashangaza: watu wa chai. Wakati wa ukoloni Mwafrika alizuiwa kwa miaka mingi kupanda chai, ilikuwa ya makampuni makubwa yaliyoingia Kericho miaka ya 1920. Serikali mpya ilipounda KTDA mwaka 1964, ilibidi maelfu ya wakulima wadogo wafundishwe kazi ambayo wenye mashamba makubwa walidai hawaiwezi. Na sheria kuu ikawa fupi hivi: majani mawili na chipukizi. Hakuna mtu wa hapa asiyeijua. Ninachokipenda ni kwamba inajikagua yenyewe. Unaangalia mkononi mwako unaona kama umepatia, hata kabla hujafika kwa karani wa kituo cha kununulia majani. Kogo wangu hakusoma hata darasa la 1 na alikuwa na huo mwongozo kwa vidole.

Nikaiba hiyo mbinu. Kila hatua yangu inaisha na kitu cha kuona kwa macho. Washa hotspoti ya simu. Si lazima uwe na bando, data inaweza hata kuzimwa. Unganisha laptopu kwa hiyo hotspoti, utaona alama ya Waifai, na pengine itasema hakuna intaneti: ni sawa, hatuihitaji. Laptopu ikiuliza kama huu ni mtandao wa nyumbani au wa hadharani, chagua wa nyumbani, lakini ukiwa kwa hoteli au hosteli usichague hivyo kamwe. Tengeneza folda mpya, iite Nyumbani, weka humo tu vitu vya watu wote. Kitambulisho, barua za shamba, taarifa za M-Pesa zisiingie humo. Kisha bonyeza folda kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, tafuta "Share". Hilo neno nililiacha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo lilivyo kwa skrini, na mwongozo unaotafsiri kitufe ambacho skrini haijatafsiri unampoteza msomaji mchana kweupe. Wape wengine ruhusa ya kusoma pekee, ili mtoto wa miaka 5 asifute fomu 4 nzima ya kaka yake.

Upande wa simu, ukiwa na VLC ile ya kutazama muvi, hiyo hiyo inaweza kuona laptopu kupitia sehemu ya mtandao wa ndani, na muvi inacheza bila kunakiliwa. Kwa PDF tumia programu ya faili yenye sehemu ya mtandao. Iphone ina sehemu ya kuunganisha kwa seva ndani ya programu yake ya faili tangu 2019. Itakuuliza jina na nywila, na hizo ni za laptopu, sio za Waifai. Hapo ndipo watu tisa kati ya kumi wa mtaa wetu hukwama, kwa hivyo nimeiandika kwa herufi kubwa na mstari chini. Laptopu yako ikiwa haina nywila kabisa, weka moja kwanza. Windows za sasa hazipendi mgeni asiyejitambulisha, na baada ya 2017 siwezi kuzilaumu.

Juu kabisa ya ukurasa kuna tarehe na toleo la Windows nililotumia. Ni mistari miwili tu. Kama kila mtu angefanya hivyo tangu 2009, nusu ya intaneti ingekuwa imejisafisha.

Na zile baluni? Januari 2021 Loon walitangaza wanafunga, gharama zilikataa kushuka. Miezi michache baadaye anga la Kericho likarudi kuwa la mvua ya saa nane na mawingu ya kawaida. Sina kinyongo nao, walijaribu kitu kikubwa na wahandisi wao walikuwa wakali. Ila hebu piga hesabu ya pesa zilizorushwa kilomita 20 juu, halafu piga hesabu ya karatasi moja ya A4 na saa mbili za kukaa na mama ya mtu mezani ukimtazama anabonyeza, bila kumnyang'anya simu. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Kidole kinawasha kusema leta nikufanyie.

Ukurasa wangu nimewachapishia watu kwa saiba, bob 10 kila karatasi, na wengine wameupiga picha wakatumiana. Mwezi uliopita msomaji mmoja wa Kapkatet alinitumia picha ya nakala yake. Imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, ina alama ya mafuta ya kupikia kwenye kona, na pembeni ameandika maelezo kwa Kipsigis ya nyanya yake. Chini ameongeza hatua kwa kalamu nyekundu: "Stima ikipotea laptopu inazima na folda inapotea kwa simu. Haijafutika. Ngojeni stima irudi, muanze tena hatua ya 2." Nikamwomba ruhusa, na sasa hayo maneno yako kwa toleo la 4, kama alivyoyaandika.